Inchi Mbili Chini ya Daraja Fupi

Saa moja na dakika kumi asubuhi, tarehe ishirini na tatu Novemba, ubao wa vipimo kwenye nguzo ya daraja, unaoonyesha nafasi kati ya maji na chuma, ulisoma futi sitini na tatu na nusu. Verna Pelkey aliusoma kwa darubini mara mbili, kisha akampa mumewe naye ausome, bila kumwambia ameona nini.

"Sitini na tatu na nusu," Royce akasema. "Sawasawa na mwaka jana."

Katika njia hii ya maji inayoshuka kusini kwa mito na mifereji, madaraja yasiyofunguka yalijengwa kwa futi sitini na tano. Hili halikufika hapo, na hakuna aliyejua sababu. Lilikuwa na jina lake kwenye ramani, lakini watu wa mashua za tanga waliliita Fupi. Hapa mwezi hauna amri juu ya maji; upepo ndio unaoyapandisha na kuyashusha, na upepo wa kaskazini ulikuwa umevuma siku mbili mfululizo, ukiyasukumia mtoni maji ya ghuba.

Mlingoti wa mashua yao, Harriet, kutoka usawa wa maji hadi kioo cha taa ya kileleni, ulikuwa futi sitini na tatu na inchi nne. Juu ya taa kulikuwa na antena, waya mwembamba wa kupindika, na hiyo haikuhesabiwa. Zilibaki inchi mbili.

"Tukae hapa maji yashuke," Verna akasema.

"Tukae juu ya nini, mama? Juu ya visiki?"

Tangu alfajiri nanga ilikuwa imeteleza mara mbili, na nyuma yao, pale msitu wa kinamasi ulipoishia majini, visiki vilitokeza kama meno mabovu. Redio ya hali ya hewa ilikuwa imetangaza dhoruba kutoka kaskazini kabla ya adhuhuri. Kurudi nyuma kulimaanisha kuikabili ghubani, mahali pasipo na kificho. Kungoja kulimaanisha maji kuzidi kupanda. Nyumba ya Rockland walikuwa wameiuza mwezi wa tano, na vyote walivyobakiwa navyo vilikuwa ndani ya Harriet. Bima yao ilisema wazi kwamba mlingoti uliovunjwa na daraja lenye ubao ni hasara ya mwenyewe, na mlingoti mrefu kiasi kile ukianguka hauanguki peke yake, hupasua sitaha.

Redio ikakoroma. Ilikuwa mashua ya chuma ya jirani zao, Gaétan na Solange, watu wa Quebec waliokuwa wakiandamana nao tangu Chesapeake. Mlingoti wao ulikuwa mfupi na daraja halikuwahusu.

"Harriet, Harriet. Mnapita au mmekuja kulichumbia?" Gaétan akauliza.

"Ngoja zamu yako," Royce akajibu, "wewe mwenye mlingoti wa kuanikia nguo."

"Nguo zangu zitakauka Florida, mzee. Zako naona zitakaukia hapa hapa."

Royce akacheka, akaenda omo, mbele ya mashua, kung'oa nanga. Sitaha ilikuwa na barafu nyembamba, akatembea ameshika waya. Verna akakamata usukani.

Kwenda polepole ndiko kulikokuwa kugumu. Upepo ulikuwa nyuma na mkondo ulikuwa nyuma. Mashua isiyo na kasi haisikii usukani, na yenye kasi haisimami. Isitoshe, ukiwa chini, kila mlingoti huonekana utagonga, ndiyo maana watu wa njia hii huambiana wasitazame juu. Verna hakutazama juu. Alisikiliza. Daraja lilikuwa na mihimili saba ya chuma, na mwaka jana antena ilipoigusa ililia tik mara saba, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha.

Kivuli cha daraja kikapita juu ya omo, kikampita Royce, kikaufikia mlingoti.

Haikulia tik. Kilisikika kishindo kifupi, kikavu, kikashuka na mlingoti mzima na kumfikia mikononi kupitia usukani.

"Rudi! Rudi nyuma!" Royce akapiga kelele.

Verna alikuwa ameshatia rivasi. Injini ikanguruma, maji meusi yakachemka nyuma, na tezi, sehemu ya nyuma, ikavutwa kushoto kama ilivyo kawaida yake. Upepo ukaishika ubavuni. Harriet ikaanza kugeuka, na Verna akaona bayana kitakachofuata: ikilala sambamba na daraja, mkondo utaibana pale na mhimili wa kwanza utaukata mlingoti kama bua la muhindi. Akasukuma mkono wa injini hadi mwisho. Mashua ikasimama. Haikurudi, ilisimama tu, ikitetemeka, huku nguzo ya daraja ikisogea upande wa kulia.

"Kamba!" sauti ya Gaétan ikatoka nyuma. "Mzee, shika kamba, acha kuniangalia!"

Kamba ikaanguka sitahani. Royce akaikimbilia, akateleza, akapiga goti, akaifunga tezini akiwa amepiga goti vilevile. Mashua ya chuma ilikuwa imetia nanga yake nzito, na Solange alikuwa kwenye winchi. Kamba ikakaza na kudondosha maji. Futi kwa futi Harriet ikavutwa kinyumenyume hadi ikatoka kivulini.

Royce alikuwa ameinua darubini kutazama kilele.

"Haujapinda. Taa ipo."

Verna aliinama ukingoni kuitazama kamba, na hapo akaona kitu kingine. Kwa miaka thelathini alikuwa amepima maji katika maabara ya mji, na kazi hiyo ilimwachia tabia ya kutazama pale kitu kimoja kinapoishia na kingine kuanzia.

"Royce, njoo uone."

"Nimeshaona. Nimekwambia haujapinda."

"Si juu. Chini."

Kati ya maji na mstari wa buluu palionekana utepe wa rangi nyekundu, ile ipakwayo chini ya mashua. Ulikuwa na upana wa vidole viwili. Wakati wa kiangazi utepe huo hauonekani.

"Mwaka jana tulipita matangi yamejaa," Verna akasema. "Mwaka huu kila bandari tuliyoingia walikuwa wamefunga mabomba ya gatini yasipasuke kwa baridi. Maji yamebaki robo. Dizeli nayo ulisema tutajaza mbele."

"Nilipima mlingoti huu kwa mkono wangu."

"Ulipima sawa. Ulipima mashua nzito."

Royce akautazama ule utepe. Alikuwa ameutaja urefu ule kwa miaka kumi na mmoja, gatini na redioni, bila kuulizwa.

"Basi tuilaze," akasema mwishowe.

Verna alijua kauli hiyo imemgharimu. Kila vuli Royce aliwacheka wale waliopita chini ya Fupi mashua zao zimelala ubavu kama walevi. Njia yenyewe ilikuwa rahisi kueleza: boriti ya chini ya tanga inatolewa nje ya ubavu, kihori, kile chombo kidogo cha makasia, kinaning'inizwa nchani mwake na kujazwa maji, mashua inalala, kilele kinashuka. Ubaya wake ni kwamba kilele kinabaki chini kwa muda ule tu uzito unaponing'inia. Henza, yaani kamba inayoishikilia boriti, ikiteleza na kihori kikagusa maji, uzito unakwisha hapo hapo na mlingoti unasimama wima, popote ulipo.

Wakakitundika kihori upande wa kulia. Pampu ya kuoshea sitaha ikakijaza maji ya rangi ya chai kavu. Harriet ikainama, vikombe vikagongana kabatini. Verna akasoma ubao. Futi sitini na tatu na inchi nne.

"Maji yamepanda inchi mbili," akasema redioni. "Ulalo huu hautoshi."

"Mnataka uzito?" Gaétan akauliza. "Miaka ishirini Solange ananiambia nipunguze tumbo. Solange, unasikia? Tumbo limepata kazi."

"Lipeleke," Solange akasema. "Lakini dada Verna, usimruhusu acheke. Akicheka kihori kitacheza."

Gaétan akapiga makasia hadi kwao, akatambaa juu ya boriti na koti lake la njano, akakaa nchani miguu ikining'inia juu ya kihori. Harriet ikalala zaidi. Solange akalegeza kamba ya nyuma taratibu, kisha akaiachia.

"Royce, winchi," Verna akasema. "Usiiache hata ukiniona nimeanguka."

"Siiachi."

Mashua iliyolala kulia hutaka kugeuka kushoto. Verna aliushikilia usukani kinyume kwa mikono miwili, mabega yakamuuma. Kivuli kikaja.

Tik.

Akavuta pumzi. Tik ya pili. Ya tatu. Magari yalipita juu yao yakitikisa chuma, na vumbi la kutu likamwangukia usoni. Tik ya nne. Nyuma ya shingo akahisi baridi ghafla, akajua ni upepo kabla haujafika.

Ukafika. Harriet ikasukumwa mbele na kulala kupita kiasi, kihori kikashuka, na kwenye winchi henza ikalia na kuteleza kiasi cha shibiri moja. Kitako cha kihori kikagusa maji. Verna akaisikia sitaha ikiinuka chini ya miguu yake.

"Royce!"

Juu kikasikika kitu kikipasuka. Vipande vya kioo vikaanguka sitahani, kimoja karibu na mkono wake. Gaétan hakucheka wala kusogea. Alikuwa ameikumbatia boriti na kufumba macho. Royce alikuwa ameshaongeza mzunguko wa kamba kwenye winchi, na sasa aliulalia mkono wake kwa kifua, akisukuma kwa uzito wa mwili. Mzunguko mmoja. Nusu. Kihori kikatoka majini kikichuruzika. Sitaha ikarudi kulala.

Tik, ikasema antena.

Tik.

Kisha mwanga. Juu ya mlingoti hapakuwa na kitu ila mawingu, na Solange alikuwa akipiga kelele redioni kwa Kifaransa.

Hakuna aliyesogea mpaka tezi nayo ilipotoka kivulini. Kisha Gaétan akashuka kwenye boriti kinyumenyume, Royce akaushusha uzito, na Harriet ikasimama wima kusini mwa daraja, kilele chake juu ya mhimili uliokuwa sasa nyuma yao. Taa ilikuwa imevunjika. Mlingoti ulikuwa mzima.

Verna akatia injini huru, akageuka, akausoma ubao wa upande wa kusini. Akampa Royce darubini bila kumwambia ameona nini.

"Sitini na tatu na inchi tatu," Royce akasema. "Yamepanda inchi nyingine."