Karai la Foleni

Walisema gari la Mzee Zahoro linatembea lenyewe. Nilisikia kwanza kwa wauza mchicha wa Kariakoo, halafu bombani kwetu Ilala, kwa jirani yangu Evarista.

"Mama Kasmir, gari lile lina jini! Mzee kalizima, kafunga mlango, kageuka, kalikuta limesogea hatua mbili, linamfuata."

"Labda linataka kwenda naye msikitini," akadakia mwingine. Wakacheka.

Mimi sikucheka, na maneno yale hayakunitoka. Gari lile alilitengeneza mwanangu, na vyuma vyake vilipita mikononi mwangu. Naandika haya ili mama mwingine, au mke wa fundi, asifanye nilichofanya mimi. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, mnisamehe mwandiko.

Ilikuwa mwaka 1983, spea hazipatikani. Kasmir, mwanangu wa pekee, alikuwa fundi kwenye gereji moja ya uani mtaa wa Msimbazi. Mzee Zahoro, muuza vitambaa, alikuwa na Pijo ya otomatiki, zile zisizo na pedeli ya klachi. Ikawa injini inanguruma lakini gari halivuti. Kasmir akapata giaboksi ya mkweche, Pijo vilevile, ila ya miaka ya nyuma. Alichotaka mle ni sahani za klachi tu, maana hata gari lisilo na pedeli yake linazo ndani. Kwa kuwa gereji ilijaa vumbi, vyuma vya giaboksi zote mbili alivileta nyumbani, akaniomba nivioshe kwa mafuta ya taa.

"Mama, karai la bluu ni la Mzee Zahoro. Jekundu ni la mkweche. Visikutane."

"Kwani ni wachumba?"

"Mama, mi sitanii."

Nilikuwa katikati ya kuosha Evarista alipopita mbio. "Sabuni imeingia dukani! Wahi, weka chombo!"

Siku zile mtu alishikia nafasi kwenye foleni kwa kuweka kitu chake. Ukiweka jiwe, wanalipiga teke na kuapa hawakuliona. Karai linajulikana la nani. Wiki tatu tulikuwa hatuna sabuni. Nikamimina vyuma vya karai jekundu ndani ya lile la bluu, nikakimbia na jekundu tupu.

Nilirudi na mche mmoja. Nikavigawa vile vyuma kwa macho, nikikumbuka hiki na kubahatisha kile. Vilikuwemo vipande viwili kama vidole gumba, vinafanana kama mapacha. Sikuona kwamba kimoja ni kifupi kidogo. Wala sikujua kazi yake: ukiegesha gari na kufunga gia, kidole hicho ndicho kinachoingia kwenye meno ya gurudumu mle ndani na kulishika gari lisiende. Nikatupa kimoja huku, kimoja kule.

Kasmir aliporudi sikumwambia. Niliogopa atanigombeza wapangaji wakisikia. Akafunga giaboksi, gari likakimbia vizuri, Mzee Zahoro akawa anamsifu kila duka.

Baada ya maneno ya bombani nilikaa siku mbili nikijiambia ni jini kweli. Siku ya tatu nikajifunga kanga, nikaenda gereji kusema. Sikufika. Msimbazi palikuwa pamejaa watu. Pijo iliegeshwa kwenye mteremko wa kushukia Jangwani, ikaserereka, ikambana Bakili mchukuzi kwenye mkokoteni wake. Mguu ulivunjika mahali pawili. Mzee Zahoro alikuwa akiapa kwamba gia aliifunga. Na ni kweli aliifunga.

Kasmir aliifungua giaboksi siku ileile. Akaja nyumbani na kile kidole kifupi kiganjani.

"Mama, hiki ni cha mkweche. Nimekiweka kwa mkono wangu. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia, "Kunywa chai, inapoa."

Gereji wakamfukuza. Mtaani wakamwita Fundi Jini. Ulikuwa mwaka wa Nguvu Kazi, asiye na kazi anakamatwa na kupelekwa shamba, basi akatangulia mwenyewe kwa baba zake, Ndanda, kulima. Spana zake ziko chini ya kitanda changu. Nasikia huko hata baiskeli ikiharibika haigusi. Anasema haiamini tena mikono yake. Sasa ni mwaka wa pili. Napika cha mtu mmoja, na bado kinabaki.

Jana nilimwandikia habari yote ya karai, na leo asubuhi nimeitia barua posta. Karatasi hii nampa Evarista aisome bombani, kisha aibandike pale gereji. Wanaotaka kucheka wacheke.

Ya kuepuka ni haya:

Usioshe vyuma vya giaboksi mbili siku moja.

Usiazime karai lenye vyuma, hata kama imeingia sabuni.

Usigawe vyuma kwa macho. Vikichanganyika, mwite fundi avipime.

Usimwite mtu Fundi Jini kabla hujajua nani aliosha.

Mwanao akikuuliza amekosea wapi, usimpe chai.

Usiegeshe gari la otomatiki mteremkoni kwa kutegemea gia peke yake. Vuta breki ya mkono, weka na jiwe.