Duka Lisilo na Haraka

"Nataka tiberiti," alisema Pengo, akaweka kifuniko cha soda juu ya kaunta kana kwamba ni hela halali.

Mwenye duka hakumcheka, wala hakumpa kiberiti. Alichukua kioo kidogo kilichokuwa kando ya mzani wa boksi, akamsogezea. Pengo, aliyepata jina hilo siku meno yake ya mbele yalipomuaga, alijitazama, akafungua mdomo wazi, akailaza ncha ya ulimi chini kama alivyofundishwa. Kazi yote akaiachia huko nyuma, karibu na koo.

"Ti... kh... ki. Ki. Kiberiti!"

"Haya sasa! Huyo ndiye mteja!" alipaza sauti mwalimu, na foleni nzima ikapiga makofi.

"U-u-unataka ki-ki-kikubwa au ki... ki... kidogo?" aliuliza mwenye duka.

Swali lilichukua muda wake kufika. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyelivuta lije haraka. Pengo aliegemea kaunta kama mzee aliyestaafu, akasubiri mpaka mwisho, kisha akasema anataka kikubwa, na biashara ikaendelea.

Ukitaka kumjua mwalimu huyu, anza na maboksi. Shule nzima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mwalimu mkuu, inamwita Mwalimu Maboksi, na amelizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita lile alilopewa na wazazi wake hageuki. Kazi yake ni kuwasaidia watoto wanaosumbuliwa na maneno: wenye kigugumizi, wanaobadilisha herufi, wanaosemea puani, na wale walioamua kunyamaza kabisa. Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, chenye dirisha moja na mlango usiofunguka bila kusukumwa kwa bega. Vifaa hakupewa. Basi akawa anapita madukani kuomba maboksi matupu, anayabeba kichwani bila kumwonea mtu haya, na mumewe nyumbani hulalamika kwamba iko siku ataamka amebandikwa gundi na kuandikwa "zahanati".

Kwa maboksi hayo hujenga dunia, akaibomoa, akajenga nyingine. Kuna hiyo zahanati, ambako mgonjwa lazima aeleze panapomuuma. Kuna bustani, ambako watoto hupuliza vipande vya pamba kutoka ua hadi ua, ili pumzi ijifunze kutoka taratibu. Kuna stesheni ya treni yenye mtangazaji wake. Anayechungulia dirishani anaona watoto wanacheza tu. Kweli wanacheza, lakini hakuna kopo lililokaa pale kwa bahati. Sabuni, sukari na siagi ziko rafu moja kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye sauti ya kwanza ya maneno hayo humponyoka. Kiberiti, kikombe na kamba zinamsubiri Pengo. Mwalimu huzipanga rafu hizo kwa makini kama mtu anayepanga dawa, na jamani, ukimwona anavyorudi nyuma hatua kadhaa kuangalia kama kopo la siagi limeinama, utampenda bure.

Sheria ya chumba ni moja, imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya duka: HAPA HATUNA HARAKA. Kumdakia mwenzako neno, au kummalizia, hata kwa nia njema, ni kuruka foleni. Mwenye duka hupiga kengele, ile ya baiskeli iliyofungwa kwenye kaunta, na aliyekosa hurudi nyuma kabisa. Hakuna kujitetea.

Mwenye duka wa safari hii alikuwa msichana wa darasa la tatu ambaye wenzake walimwita Kimya. Jina lilikuwa la haki. Tangu aanze shule hakuwa ametoa neno darasani. Akiitwa kwenye mahudhurio aliinua mkono, akitaka kwenda msalani alinyoosha kidole mlangoni. Mwalimu Maboksi hakumbembeleza aseme. Alimpa kazi ya kupanga makopo, halafu ya kumwagilia maua ya karatasi kwa birika tupu. Siku moja pale bustanini pamba ya mwenzake ikafika ukingoni mwa meza, na mtoto, kabla hajajikumbuka, akapiga kelele: "I-i-inaanguka!" Mwalimu alijitupa chini ya meza kujifanya anatafuta gundi, watoto wasimwone analia. Tangu siku hiyo maneno yakawa yanatoka, yanakwama, yanatoka tena. Na katika chumba hicho hakuna mtu aliyemwita Kimya.

Maneno hayo ndiyo yaliyoleta wageni asubuhi hii.

Mlango uligoma, ukasukumwa, ukafunguka kwa kishindo. Aliyeingia kwanza ni shangazi wa mwenye duka, mwanamke mwenye sauti ya kutosha uwanja wa mpira, mkoba kwapani. Nyuma yake aliingia baba mtu, mchomeleaji wa mageti na madirisha, vumbi la chuma bado liko kwenye nyusi, miwani yake ya kazi ameishika mikononi kama mtu aliyeitwa kwenye kesi.

"Hodi humu! Hamjambo, watoto? Mwalimu, habari za kazi. Hatukai. Tumekuja kumtoa mtoto kwenye haya mambo ya maboksi."

Utaratibu wa shule mwalimu aliujua: mtoto haingii chumba hiki bila ridhaa ya mzazi. Mzazi akisema basi, ni basi. Mwenye duka angevua aproni yake ya gazeti, arudi darasani, akawe Kimya tena, safari hii pengine moja kwa moja.

"Karibuni, dada. Kumetokea nini?"

"Kumetokea nini? Mtoto alikuwa mzima huyu! Ametulia, hana neno na mtu. Tangu aanze kuja kwako, nyumbani ni ki-ki-ki kutwa nzima. Juzi tuna wageni, kajiingiza katikati anahadithia, hafiki! Watu wanamsaidia kumalizia, yeye anaanza upya! Kaka yangu kashindwa kuvumilia, kaondoka sebuleni." Alimwelekeza mchomeleaji kwa kidevu. "Maana na huyu ni hivyo hivyo tangu utotoni. Mdomo wake ni mimi. Shuleni nilimjibia, wateja nawapigia simu mimi, hata mkewe, tusifichane, mimi ndiye niliyemtongozea. Mkewe yuko kazini, ndiyo nimekuja naye mimi. Sasa nitabeba midomo mingapi, mwalimu?"

Hakulisema kwa ubaya. Alimpenda kaka yake, na kumpenda kwenyewe kulikuwa ni kumbebea kila kitu mpaka ulimi.

"Dada, zamani hakukwama kwa sababu hakusema," alijibu mwalimu. "Sasa anasema, ndiyo maana mnasikia anavyokwama. Najua haipendezi masikioni, lakini mwenzenu anapanda ngazi."

"Hayo ni ya kitaalamu. Baba yake keshaamua."

Mwalimu akamgeukia mchomeleaji. Alimfahamu kidogo; alikuwa akipita mbele ya karakana yake na maboksi kichwani. Mtu huyo alikuwa amejichagulia kazi yenye makelele, ambamo hakuna anayetegemea kujibiwa, na bei zake aliziandika kwa chaki juu ya bati.

"Baba, wewe mwenyewe unasemaje?"

Mchomeleaji akavuta pumzi. Shingo ilimkaza, jicho moja likafumba. "Mi-mi-mimi na... na... n..."

Hapo neno likasimama. Mdomo ulikuwa wazi na hakikutoka kitu. Siku nyingine kimya kama hicho kisingemtisha mwalimu hata kidogo. Amekula mshahara wake wote kwa kusubiri kimya cha namna hiyo. Lakini alimwona mwenye duka ameganda nyuma ya kaunta, kopo la chumvi kifuani, anasikiliza hukumu yake ikikwama kooni mwa babake. Woga ukamshika. Huruma nayo ikaongezea.

"Unaona mtoto hafaidiki," alisema mbiombio. "Unataka kumtoa. Nakuelewa, baba, usijisumbue."

*Kring!*

Vichwa vyote vikageukia dukani. Mkono wa mtoto ulikuwa bado juu ya kengele.

"Mwa-mwa-mwalimu," alisema. "Fo... fo... foleni."

Pengo akauziba mdomo kwa mikono yote miwili. Tangu chumba hicho kifunguliwe, Mwalimu Maboksi hakuwahi kupigiwa kengele. Uso ulimwaka moto. Angeweza kusema kwamba haya ni mambo ya watu wazima, mchezo usimame kwanza. Lakini maandishi mekundu yalikuwa juu ya kichwa chake, na mwandiko ulikuwa wake.

"Ni kweli, Mwenye Duka. Nimeruka foleni. Baba, nisamehe sana," alisema, akaenda kusimama nyuma kabisa ya watoto.

"Makubwa haya!" shangazi alishika kiuno. "Mtoto anamfukuza mwalimu, na mwalimu anakwenda! Kaka, si nilikwambia? Mwambie tu kwamba wewe huta—"

*Kring!*

"Sha-sha-shangazi."

"Mimi? Mimi ni mgeni!"

"Hata wageni wanapanga foleni, shangazi," alisema Pengo kwa upole, kama askari anayempenda mfungwa wake. "Njoo huku nyuma. Wala si mbali."

Shangazi alitazama huku na huku akitafuta mtu mwenye akili timamu, hakumpata. Akaenda, mkoba kaukumbatia, akasimama nyuma ya mwalimu. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wao, kati ya mchomeleaji na anayezungumza naye hapakuwa na dada yake.

Alijikuta peke yake mbele ya kaunta iliyomfika magotini. Kwa mazoea akageuka nyuma kumtafuta dada. Shangazi akafungua mdomo, akaiona kengele, akaufunga. Mchomeleaji akachuchumaa, akawa sawa na binti yake.

"Ka-ka-karibu," alisema mwenye duka. "U-u-unataka nini?"

Akaweka kopo chini. Akaitoa mikono karibu na kengele, akaitandaza juu ya kaunta. Akamtazama babake machoni, si mdomoni, maana hivyo ndivyo humu ndani wanavyosubiriana. Yote ambayo mwalimu wake alikuwa ameyasahau dakika ile, mtoto aliyafanya.

Neno la mchomeleaji lilikwama. Likarudi, likaja tena, likakwama palepale. Nje mpira uligonga ukuta, watoto wakashangilia, wakanyamaza. Mwenye duka hakupepesa jicho. Mtu mzima huyo, mwenye mke na mtoto na karakana, hakuwahi kusubiriwa namna hiyo na kiumbe yeyote.

"Chu... chu... chumvi," alisema.

"Ya pa-pa-pakiti?"

"Ya pa-pa-pakiti."

Walikwama mahali pamoja, wakatoka pamoja. Mtoto alicheka kwanza. Babake akamfuata, kicheko kikubwa cha ghafla, na kicheko hicho hakikukwama popote. Alijipapasa mifukoni kutafuta cha kulipia, akapata nati ya chuma, akaiweka juu ya kaunta. Mwenye duka akaikagua kwenye mwanga wa dirisha, akaridhika, akampa chumvi.

Lakini mteja hakuinuka.

"Ma-mama," alisema, maana ndivyo anavyomwita binti yake. "Ju-juzi... niliondoka se-sebuleni. Si-sikukuonea a-aibu." Hapo alikwama muda mrefu, jasho likampita kwenye vumbi la chuma. Hakuna aliyemsaidia. "Wa-walikuwa wanakumalizia. Ni-nilitaka ku-kuwakataza. Ni-ni-nikashindwa."

Mtoto akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Ke-kesho," alisema baba, "u-unafungua wakati gani?"

"Ke-ke-kengele ya ma-mapumziko i-ikilia."

"Ni-nitakuja." Akaitazama pakiti mkononi. "Chumvi hii ha... ha... haitoshi."

Kule nyuma, mwalimu alitafuta gundi. Nyuma ya foleni hakuna meza wala gundi, basi akalia hivyo hivyo mbele za watu, na Pengo akampa mkono wa shati ajifutie.

"A-a-anayefuata!"

Foleni ikasogea. Wa sabuni akapata sabuni, wa kamba akapata kamba, na zamu ilipomfikia mwalimu akapiga hatua kando.

"Tangulia wewe, dada."

Shangazi akafika kwenye kaunta. Kifua kikajaa, maneno yakiwa tayari kama siku zote. Kisha akageuka kumwangalia kaka yake, kujua anataka nini. Kaka yake alikuwa na chumvi yake. Alikuwa amekaa juu ya boksi dirishani, hataki kitu.

"Si ba-baba," alisema mwenye duka. "We-wewe, shangazi. We-wewe u-unataka nini?"

Shangazi akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Alitazama sabuni, akatazama sukari, akashusha mkoba taratibu mpaka chini.

Mwenye duka akaiweka mikono yake juu ya kaunta, mbali na kengele, akamtazama machoni, akasubiri.