Nimero 17 ya Butembo na Nimero 17 ya Beni

Nikiwa na miaka makumi saba na mbili, ordinateri ilinipa mimba.

Ilikuwa Beni, kwa muganga wa macho. Akasoma ku écran, kioo ya ile kompyuta: «Kanyere, nimero 17, mimba ya miezi saba.» Akaangalia mvi zangu, akaangalia écran, akaamini écran.

«Mama, mwenye mimba hapana, simupasui jicho.»

«Muganga, baba ya huyu mutoto tulimuzika Masereka, sasa miaka tisa.»

«Machine njo inasema. Batengeneze kwanza. Lakini mwisho wa mwezi ninaondoka.»

Jicho ya kuume ilikwisha kufa. Ya kushoto, nikichambua maharagi, ninatupa maharagi na ninapika majiwe.

Na mwenye alitengeneza ile programme ya kuandika bagonjwa? Mujukuu wangu Rébecca, wa Butembo. Nikamukuta anakula viazi mbele ya ordinateri.

«Rébecca, ulinipa mimba.»

Akasoma, akashika kichwa. Dispensaire ya Butembo inahesabu bagonjwa kuanzia moja, ya Beni vilevile. Alipounganisha ma-liste mbili, 17 ya Beni, Kanyere mwingine mwenye mimba, akanikalia juu mimi, 17 ya Butembo.

«Koko, chombo chenye ninajengea programme kinakubali alama moja tu kwa mutu. Batu ya inchi nyingi banakijenga pamoja, bure. Banasema niwape bagonjwa nimero mupya.»

«Na ma-karte yenye batu bako nayo nyumbani, bawashie moto? Sikiliza. Kwetu jina linafuata kuzaliwa. Mutoto mwanaume wa pili ni Kambere, kila nyumba iko na wake. Ukipiga kelele “Kambere!” ku kilima, banatoka kumi na mbili, na mbuzi moja. Donc unaita “Kambere wa kwa Jokébed.” Nyumba na mutoto, pamoja. Nani alibadilisha batoto majina?»

Akaacha viazi. Akaandika kipande ya kuongeza ku kile chombo: alama mbili pamoja, mahali na nimero. Mara tatu kilivunjika. Kisha mukubwa mumoja wa benye kukijenga, kule mbali, akauliza: «Nani anahitaji hii?»

Rébecca akamutumia foto yangu. «Huyu. Ana mimba ya miezi saba.»

Kesho yake bakakubali.

Siku mbili mbele ya mwisho wa mwezi, muganga akasoma: «Butembo, 17: jicho.» Akanipasua bila kuomba musamaha.

Balipofungua bande ku jicho, wa kwanza kuonekana ni Rébecca.

«Wee!» nikamwambia. «Hizi nywele hazijasukwa tangu Pasaka?»

«Koko,» akasema, «afazali ningekuachia mimba.»