Bei ya Laras

Laras hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hakuwa na jina katika kadi ya familia ya nyumba yoyote kijijini Watusari, hakuwa na namba serikalini, hakuwa na sare wala begi. Baba hakuwa naye tena. Alifia kwenye mashamba ya michikichi kule Kalimantan, akazikwa huko huko. Na mama pia hakuwa naye, ingawa mama yake ndiye aliyemsuka nywele kila asubuhi.

Hilo la mwisho ndilo lililoleta matata yote.

Mama yake, Tumirah, alikuwa kibarua wa viazi. Watoto wake wawili wa kwanza walikufa wachanga. Wa tatu alizaliwa Ijumaa Kliwon, Ijumaa ile ya kalenda ya wazee inayorudi kila siku thelathini na tano, na Tumirah mwenyewe ni wa Ijumaa Kliwon. Kila mtu mlimani kwetu anajua kwamba mama na mtoto wa siku moja hawakai chini ya paa moja kwa salama. Mmoja humla mwenzake. Dawa yake nayo inajulikana. Bibi wa mtoto alimlaza kwenye ungo, akampeleka kando ya shimo la taka, akamwacha pale na kurudi bila kugeuza shingo. Nyuma ya mgomba alikuwa amesimama Mbok Sarinten, mpika tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, mjane asiyewahi kuzaa. Alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Akatoka akapaza sauti: "Jamani, nimeokota mtoto!"

Tangu siku hiyo mtoto akawa wake. Alinyonya kwa Tumirah na kulala kwa Tumirah, lakini katika vinywa vya watu alikuwa mtoto wa Mbok Sarinten, naye mtoto alimwita mama yake mzazi Bulik, kama mtu anavyomwita mama mdogo. Mauti yakija kumtafuta mtoto wa Tumirah, yataambiwa hapa hayupo.

Mauti yalidanganyika. Kwa bahati mbaya, na serikali nayo ikadanganyika.

Karani wa usajili alipopita nyumba kwa nyumba, aliuliza, "Huyu wa nani?"

"Wangu," alijibu Mbok Sarinten. "Nimemwokota takani."

Karani akatazama mvi zake, akamtazama na Tumirah, ambaye aliinamisha kichwa akiendelea kumenya viazi. "Bibi, mtakapopata karatasi mje ofisini." Akafunga mkoba wake akaenda zake. Nani angepata karatasi, na ingeandikwaje?

Mwaka Laras alipofika umri wa shule alirudishwa mlangoni. Mwaka mzima akawa anasomea dirishani, amesimama juu ya tofali, akiimba wenzake walipoimba. Mwaka wa pili uandikishaji ulipofunguliwa, Mbok Sarinten alisikia kwamba binti wa kituo cha msaada wa sheria amepanda kutoka mjini kwa kesi ya mpaka wa mashamba. Akamvizia njiani na kifurushi cha tempe.

"Wewe ndiye yule dada, Mbak wa sheria?"

"Ndiye mimi, Mbok. Naitwa Endah Prastiwi."

"Mbona mwembamba hivyo? Sheria hailipi? Chukua tempe hii. Kisha nenda ukagombane na mwalimu mkuu."

Endah alikwenda. Mwalimu mkuu, Pak Wiryatmo, alimpokea kwa chai na uso wa mtu aliyechoka.

"Mbak Endah, mimi si adui wa mtoto. Majuzi niliuliza darasa saba mara nane. Aliyejibu ni yeye, yuko nje."

"Basi mwingize ndani, Pak."

"Kompyuta inadai namba. Nikimwingiza bila namba hana kitabu, hana mtihani. Atakuwa mgeni darasani."

"Katiba haisemi kila mwenye namba ana haki ya kusoma. Inasema kila raia."

"Katiba haikaguliwi, Mbak. Ninayekaguliwa ni mimi." Akashusha pumzi. "Sikiliza. Lete tamko la mama mzazi, liwe na mashahidi wawili na mhuri wa mkuu wa kijiji, Pak Lurah. Ofisi ya elimu wilayani wakilipata kabla ya Ijumaa adhuhuri, watampa nafasi huku cheti kikitengenezwa. Baada ya hapo wanafunga. Na akisubiri mwaka mwingine, mimi na wewe tunajua atakuwa wapi."

Walijua. Shambani, kwenye viazi, na mama yake.

Endah aliteremka kwa Tumirah akiwa mwepesi moyoni. Kijiji kizima kinajua nani alimzaa huyu mtoto, kazi imekwisha. Aliingia kwa haraka hata akasahau kuvua viatu, akawakuta Tumirah na Mbok Sarinten jikoni wakimenya viazi kando ya moto, akasema kwa sauti ya kutosha nyumba nzima:

"Bulik Tumirah, habari njema! Unachotakiwa ni kusema tu kwamba Laras ni mwanao."

Kisu kilimtoka Tumirah mkononi. Mbok Sarinten akasimama akafunga dirisha.

"Wee binti! Maneno gani hayo humu ndani?"

"Nimesema ukweli, Mbok."

"Ukweli una mahali pake. Hata choo ni cha kweli, lakini hukileti jikoni."

Tumirah alizungumza huku akitazama jivu. "Wawili nimewazika, Mbak. Huyu anacheka kila siku. Unataka niseme neno moja, halafu kesho nizike wa tatu?"

Endah alijaribu upande mwingine. "Basi tuandike kwamba ameokotwa. Sheria inamtambua mtoto aliyeokotwa."

"Halafu?"

Endah hakutaka kumficha. "Halafu polisi watauliza. Watu wa ustawi wa jamii watakuja. Huenda wakampeleka kwenye makao ya watoto mjini mpaka wazazi wapatikane."

"Hapana," walisema wanawake wote wawili kwa pamoja.

"Ningeweza kuishtaki ofisi," alisema Endah, "na nadhani tungeshinda. Lakini kesi hutembea polepole, na mtoto anakua. Bulik, sheria haijui Ijumaa Kliwon ni kitu gani."

"Basi sheria ni mgeni hapa," alijibu Mbok Sarinten. "Na mgeni mwenye adabu huvua viatu mlangoni."

Endah akatazama miguu yake. Akaona haya. Akarudi mlangoni, akavua viatu, akaja akaketi mkekani, chini kuliko wao. Akachochea kuni mpaka maji yakachemka. Kisha akauliza swali ambalo angepaswa kuanza nalo.

"Mbok, mtoto aliyetupwa hurudije kwao?"

Tumirah ndiye aliyejibu, taratibu. "Hukombolewa. Aliyemwokota hutaja bei, mwenye mtoto hulipa, watu hula uji, basi. Anarudi akiwa mtu mpya, na ile siku yake haimdhuru tena."

"Na bei ya Laras ni nini?"

Tumirah alimtazama Mbok Sarinten, kisha akaangalia pembeni upesi, kama aliyechungulia chumba cha mtu. Hapo Endah akaelewa kwamba bei haijawahi kutajwa, na Tumirah hakuwahi kuwa na uso wa kuiuliza.

Mbok Sarinten alijifunga kitambaa chake kiunoni. "Tempe zangu zitaharibika," alisema, akatoka.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi Mbok Sarinten hakupita na kapu lake. Wenye kununua tempe walifika kwake, wakaondoka bila kitu. Endah, aliyelala kwa Pak Lurah, alikwenda akamkuta ameketi kizingitini, soya zimemenywa mbele yake, hazijafungwa kwenye majani.

"Umekuja kunisomea sheria?"

"Sina sheria ya jambo hili, Mbok."

"Hmm. Angalau unajua." Alichukua punje ya soya akaiviringisha kidoleni. "Miaka hii yote nikipita sokoni wananiita mama Laras. Mimi! Tasa wa Watusari. Mume wangu alikufa akinilaumu kwa hilo. Sasa nikitaja bei, kesho naitwa nani?"

Endah alianza kuzifunga soya kwenye majani ya mgomba, vibaya sana.

"Acha, acha, unaziua!" Mbok Sarinten akamnyang'anya. Akafunga moja, akafunga ya pili. "Hilo tamko lako linaandikwa nini?"

"Linaandikwa jina la mtoto, jina la mama, na siku. Kisha mashahidi wawili, watu waliokuwapo tangu mwanzo, wanaojua mtoto huyu ni nani na ametoka wapi. Bila wao, neno la mama halikamiliki."

Mikono ya Mbok Sarinten ikasimama. "Watu waliokuwapo tangu mwanzo?"

"Ndiyo, Mbok."

"Na majina yao yanabaki kwenye karatasi hiyo? Hata nikifa?"

"Yanabaki serikalini."

Alikaa akitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni. Kisha akainuka ghafla kama mtu aliyeungua. "Mbona umekaa tu? Leo ni Alhamisi! Jua likizama inaingia Ijumaa Kliwon, na siku hiyo hakombolewi hata kuku. Kamwambie Tumirah apike uji, mwekundu na mweupe. Na Pak Bayan asiteremke mjini kabla hatujampa karatasi!"

Hapo ndipo kijiji kilipoanza kukimbia huku na huku. Huyu alileta sukari ya mnazi, yule kuni. Pak Bayan, tarishi wa kijiji, aliwasha pikipiki akaizima, akaiwasha tena, akilalamika kwamba watu wa mlima huu hufanya kila jambo jioni. Pak Lurah alikuja na mhuri wake mfukoni.

Laras alikalishwa kwenye ungo, magoti yakitokeza nje kwa ukubwa. "Mbok, siingii humu."

"Ulipokuwa mdogo hukulalamika. Tulia."

Tumirah alisimama mbele ya Mbok Sarinten, akainama. "Yu, dada yangu, nimesikia umeokota mtoto. Naomba kumkomboa. Taja bei."

Jua lilikuwa limegusa mabega ya mlima.

"Kuku jike mmoja," alisema Mbok Sarinten. "Na kila asubuhi apite kwangu kwanza, nimvalishe viatu. Akija bila kuoga, namrudisha. Hiyo ndiyo bei yangu, sipunguzi."

"Nakubali."

Tumirah akamtoa mtoto kwenye ungo. Alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, na maneno yaliyokaa kifuani tangu siku ya kuzaa yakatoka: "Huyu ni mwanangu. Laras ni mwanangu."

Tulimtazama mtoto kama watu wanaotazama mshumaa katika upepo.

Laras alitutazama na yeye, mmoja mmoja. "Kwa hiyo Bulik ni mama yangu," alisema. "Nilijua. Uji utaliwa lini?"

Kicheko kilipasuka, na baadhi yetu tulifuta macho tukisingizia moshi.

Waliandika tamko, karatasi ikiwa juu ya ngozi ya ngoma ya msikitini, kwa kuwa meza haikuwapo. Tumirah akaweka sahihi. Pak Lurah akagonga mhuri. Shahidi wa pili alikuwa mkunga. Shahidi wa kwanza alipoitwa, Mbok Sarinten alipangusa dole gumba kwenye kitambaa, akalichovya wino, akalikandamiza kwenye karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nisomee walivyoandika hapo."

"Sarinten," alisoma Endah. "Aliyekuwapo tangu mwanzo."

Bahasha ilikuwa kuukuu na gundi yake imekauka. Mbok Sarinten akachota punje chache za wali wa moto, akazisaga kwa kidole kwenye ukingo wa bahasha, akaifunga, akaipiga kwa kiganja. Akampa Pak Bayan mkononi mwake. Pikipiki ikateremka mlimani, na jua lilikuwa bado halijazama.