Uso Uliobaki Ofisini

Mashine ya kusaga ya mzee Thuo, jirani wa ukuta mmoja, ilikuwa imeshaanza kunguruma, na Nakhumicha alikuwa amepangusa unga mezani mara ya pili asubuhi hiyo, kompyuta ilipoganda tena. Uso wa mama mzee wa watu ukabaki nusu kwenye skrini: jicho moja, shavu moja, kipande cha kilemba.

"Usinifanyie hivi leo," akaiambia. "Mwenye huu uso anazikwa kesho."

Kompyuta kimya. Ilikuwa kuukuu, aliyoachiwa na marehemu mumewe pamoja na kibanda hiki cha picha hapa Kitale, na ndiyo iliyowasomesha watoto wake. Hakuona haki ya kuitukana.

Kwenye benchi alikaa Kipketer, mkulima wa Endebess, kofia mapajani. Mamake, Jepchumba, hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Picha aliyokuwamo peke yake ilikuwa ile ya kitambulisho tu, nacho kitambulisho familia ilikisalimisha ilipokwenda ofisi ya serikali kuchukua kibali cha mazishi. Ndivyo sheria ilivyo. Hakuna aliyewaambia wakipige picha kwanza, na kwa uchungu ule nani angekumbuka? Walirudi kukiomba hata kwa dakika moja, wakaambiwa kimeshapelekwa mbele. Mbele wapi? Mbele. Kilichobaki ni picha ya akina mama wa kanisa, Jepchumba akiwa safu ya nyuma kabisa, uso mdogo kama punje ya mahindi.

"Si mtu anaweza zikwa bila picha?" Kipketer akauliza polepole.

"Anaweza. Lakini si mama yako."

Mzee Thuo akaingia, mweupe kwa unga hadi kope. Akaitazama skrini, akatikisa kichwa. "Si nilisema hii kitu ibadilishwe matumbo? Nilisema ama sikusema?"

Alisema kweli, ingawa si kwa utakatifu mtupu. Kila mchana mzee huyu, mwenye wajukuu, huja kwa Nakhumicha kucheza mchezo wa mbio za magari, na kwa mwaka mzima gari lake limekuwa likienda kama limekwama kwenye matope ya Kachibora.

"Funga hiyo," akasema. "Mke wangu atabaki na mashine yangu. Twende Bungoma kwa shemeji yako, na pikapu iko."

Sasa huyo ndiye jirani. Amemwachia mkewe foleni ya watu na magunia yao, hajaulizwa, hajaombwa. Nakhumicha akaifunga kompyuta ndani ya leso yake ya kujifunga kama mtoto mgonjwa, wakaondoka, Kipketer nyuma akiishikilia isigongwe.

Wanyonyi, ndugu wa marehemu mumewe, hutengeneza kompyuta karibu na soko la Bungoma. Alifungua ubavu wa mashine, akapuliza mara moja, unga ukamrudia usoni.

"Mulamwa, shemeji yangu! Hii ni kompyuta ama ni ugali unangoja maji?" Kisha akaokota kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani ya leso, kile cha kufumwa kwa sindano, cha maua. "Na hii?"

"Ya kuifunika. Mke wa mzee huyu alinifumia, kwa sababu ya huo unga."

"Na ukiiwasha unatoa?"

"Nitoe unga uingie?"

Wanyonyi akaketi chini kabisa. "Kwa hivyo mashine imekuwa ikifanya kazi na sweta! Miaka yote! Si ndiyo maana imepika roho yake, bana!"

Mzee Thuo alicheka hadi machozi yakachora mistari kwenye unga wa mashavu. Halafu akakumbuka unga ni wa nani, na kitambaa kilifumwa na mke wa nani, akaanza kuangalia dari. Nakhumicha naye aliona aibu, halafu kicheko kikamshinda.

Wanyonyi akaondoa diski ya zamani, akafunga mpya, ile isiyozunguka. Akatia kadi ya grafiksi, ile ya kukimbiza picha na michezo, aliyoiopoa kwenye kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani, Thuo akiitazama kwa upendo. Ram, ile kumbukumbu ya kuipa mashine kasi, ndiyo ikawa shida. Bei ilikuwa imepanda, ikapanda tena, na dukani hakuwa nayo. Wanyonyi akaizima kompyuta yake ya kazi, akaifungua, akachomoa yake.

"Na wewe?" Nakhumicha akauliza.

"Yangu itatambaa kidogo. Mama wa watu hawezi ngoja."

Nakhumicha akachukua ufagio akafagia duka lote la shemeji, hata kona ambazo hazikuwa na unga.

Alasiri, huko Kitale, mashine iliwaka kabla hajavuta kiti vizuri. Bila sweta. Uso wa Jepchumba ukakua, ukatulia, haukuganda. Nakhumicha alikuwa amefuta alama kidevuni akidhani ni doa la karatasi.

"Hapana," Kipketer akasema. "Hilo ni kovu. Alianguka akitoka mtoni. Rudisha."

Akalirudisha. Ndipo Kipketer alipomtambua mamake, akalia waziwazi, kofia usoni. "Serikali ilimchukua. Nyinyi mmemleta."

Picha ikatoka, mzee Thuo akakalia kiti kujaribu gari lake. Lilikuwa likipaa! Alikuwa kwenye kona ya pili wakati Kigen, kanjo, yaani askari wa kaunti wa kukagua leseni, alipoinamisha kichwa mlangoni.

"Huo ni mchezo. Leseni yako ni ya picha, mama. Mchezo una leseni yake. Hiyo mashine naibeba."

"Mimi si mteja, ni jirani," Thuo akasema, akiikumbatia kompyuta kwa mikono yote miwili. "Ukiibeba, utabeba na mimi."

Lakini Kigen alikuwa ameiona picha mikononi mwa Kipketer. "Huyu mlimtoa wapi?"

Kipketer akamweleza: kitambulisho, kibali, mbele. Kigen akasikiliza, kitabu cha risiti kikining'inia mkononi.

"Cha mama yangu nilikipeleka mwenyewe," akasema. "Mwaka jana."

Moyo wa Nakhumicha ukalainika. "Leta picha nyingine yoyote. Hata ya harusi ya watu, hata awe mdogo namna gani. Sasa mashine inaweza."

"Hakuna nyingine."

Nakhumicha aliitazama ile mashine yenye diski mpya, yenye ram ya shemeji. Akachukua kipande cha manila na kalamu nene, akaandika: KABLA HUJAPELEKA KITAMBULISHO CHA MAREHEMU, PITIA HAPA KIPIGWE PICHA. NI BURE. Akatoka nacho mlangoni.

"Bango nalo lina leseni yake," Kigen akasema, kwa mazoea tu.

"Najua. Nishikie hapo juu, sifiki."

Kigen akaweka kitabu cha risiti mezani, juu ya kile kitambaa cha maua, akaja akashika.