Mkuu Aliyenusa Ua

Miaka tisa Karkish alichonga ndevu tu: ndevu za walinzi, ndevu za waleta kodi, kishungi baada ya kishungi, kwenye ngazi za jumba la Mfalme pale Parsa. Nyuso walichonga wengine. Kisha akaja Ushaya, kijana kutoka Sardi, na mwezi haujaisha akapewa nyuso.

"We Karkish," wenzake walimtania wakila mkate wa shayiri, "utachonga ndevu mpaka zako zifike magotini?"

Alicheka nao, roho ikimuungua.

Siku moja msimamizi Bakadata akawapa yeye na Ushaya mawe mawili yaliyopakana, kila mmoja achonge mkuu mzima wa baraza la Mfalme, kichwa hadi kiatu. Wakuu hao wapande ngazi wameshikana mikono. "Atakayenipendeza," alisema, "ndiye atakayechonga uso wa Mfalme mlangoni."

Mkuu aliyechongwa na Karkish alitangulia, mkono ameunyoosha nyuma. Vidole vya mkuu wa Ushaya vingeingia kwenye jiwe la Karkish, na desturi ni kumwachia jirani nundu ya jiwe ya kuvichonga. Karkish aliitazama nundu ile asubuhi nzima. Ushaya alipokwenda kunoa patasi, akaikwangua hadi ikaisha.

Ushaya aliporudi alipapasa pale palipolainika.

"Kaka, mbona hapajabaki kitu?"

"Limemeguka, mdogo wangu. Pole."

Jiwe la Ushaya lilikuwa bado na unene kifuani, basi akaukunja mkono wa mkuu wake na kumshikisha ua puani. Wa mbele anamwita, wa nyuma ananusa tu.

Bakadata alipowaona wakuu hao alicheka hadi akajishika kiuno. "Watu hasa hawa! Huyu ana haraka, huyu hana habari! Nani kabuni?"

"Sote wawili, bwana," alisema Ushaya. "Kaka Karkish ndiye aliyeanza."

Maneno hayo yalimchoma Karkish kuliko utani wote wa wenzake. Uso kamzidi, mkono kamzidi, sasa hata wema?

"Mwongo huyo!" alifoka. "Nundu niliikwangua mimi, makusudi, akose vidole!"

Wachongaji ngazi nzima waligeuka. Bakadata akamkabidhi Ushaya uso wa Mfalme.

Karkish akarudi kwenye ndevu zake. Wivu ulikuwa palepale. Lakini ukweli ule aliusema yeye, na kwa hilo Ushaya hakumzidi.