Kikao Mseto Juu ya Mwamba

Mjinga wa siku ile alikuwa Gasto, na yeye mwenyewe habishi. Asubuhi, wenzake wakiwa bado wanakunywa uji wa ulezi majumbani, alikuwa tayari juu ya mwamba nyuma ya vyoo vya Shule ya Msingi Getongorya. Simu ameifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye mpini wa fagio, fagio amelinyanyua juu, anazunguka nalo polepole kama mtu anayetafuta buibui kwenye dari la mbingu.

Mtandao ulikuja, ukaondoka. Ukaingia ujumbe wa kumkaribisha Kenya. Akasogea kidogo kushoto, akarudi Tanzania.

"We Gasto, mura!" Gati aliita kutoka chini, kama Wakurya wanavyomwita kijana. Gati alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mzaliwa wa hapo hapo, na kichwani alikuwa amebeba kiti cha plastiki. "Leo umeajiriwa kuwa mnara?"

"Mnara unalipiwa kodi ya kiwanja, mama. Mimi hata chai sijapewa."

"Basi shuka unywe uji kwangu."

"Nikishuka naupoteza mtandao."

Waraka ulikuwa umeingia kwenye kundi la simu la walimu katikati ya likizo ya Juni. Ulihusu maandalizi ya watumishi kurejea kazini kwa njia ya kikao mseto. Maana yake, wengine wakae ukumbini, wengine waingie kwa mtandao huko huko waliko, na wote wahesabike wamehudhuria. Shule haikuwa na ukumbi. Kompyuta ilikuwepo moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na haijawahi kuwaka tangu ikabidhiwe kwa hotuba. Mtandao wenyewe ulikuwa unapatikana juu ya ule mwamba tu, tena kwa hisani ya majirani wa ng'ambo ya mpaka. Mwalimu Mkuu Nchagwa aliusoma waraka, akavua miwani, akauliza nani ana simu yenye kioo kikubwa. Hivyo ndivyo Gasto, mwalimu wa hisabati kutoka Rombo, alivyopata cheo cha mratibu wa TEHAMA. Cheo hakikuja na posho, wala ngazi ya kupandia mwambani.

Lakini mtu haitwi mjinga kwa kushika fagio. Ujinga wake ulikuwa umefanyika wiki moja nyuma, kwa nia njema kabisa.

Mwenzao Kokushubira, mwalimu wa darasa la nne, alikuwa Mwanza wodini na mwanawe wa miezi minane. Mtoto alizaliwa na tundu kwenye moyo. Likizo ilipoanza walikwenda kliniki ya siku moja, wakalazwa. Kokushubira aliandika barua ya kuomba ruhusa. Barua ikafika wilayani, ikakaa kwenye meza ya mtu aliye safarini, na mtu huyo kila akirudi anasafiri tena. Mwishowe alimpigia Gasto simu. Alikuwa amepanga kumwachia mtoto mama wa kitanda cha jirani, apande basi la alfajiri, aje Tarime wilayani akakae mlangoni kwa huyo bwana mpaka ruhusa itoke.

"Koku, unateseka na nini?" Gasto alimwambia. "Si usome waraka! Utaingia kwa mtandao ukiwa hapo hapo kitandani, unahesabika umeripoti kazini. Ruhusa ya nini tena? Kaa na mtoto. Hili niachie mimi."

Kokushubira alilia kidogo kwenye simu, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akakaa na mtoto.

Ndiyo maana Gasto alikuwa juu ya mwamba kabla ya watu wote.

Walimu walianza kupanda, kila mmoja na kiti au dawati lake. Mwalimu Mkuu alipanda mwisho, kofia mkononi, akipumua kwa shida. Nyuma yake alikuja mwezeshaji aliyetumwa kusimamia kikao, kijana mmoja anaitwa Enock, ameshuka kwenye bodaboda akiwa na vumbi mpaka kwenye kope na mkoba wa semina kifuani.

"Shikamoo Mkuu. Shikamoo mama. Ukumbi uko wapi?"

"Marahaba. Ndio huu umeukanyaga," Gati alisema. "Angalia mwisho wa ukumbi, kuna bonde."

Enock alicheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililowachanganya baadaye. Alikaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakamfika kifuani, akatoa makaratasi akaanza kusoma. Mtumishi anayerejea kazini ajiandae kisaikolojia. Mtumishi anayehudhuria kwa mtandao aandae nyumbani kwake sehemu tulivu, yenye mwanga wa kutosha, isiyo na kelele za watoto wala mifugo.

Mbuzi wa jirani wakapanda mwambani, wakasimama kati ya madawati, wakawatazama.

"Hao nao wamehudhuria ana kwa ana," Gati alisema. "Waandike."

"Mama, tuendelee."

"Tuendelee, mwanangu. Ila mimi nilitaka kuuliza. Darasa la kwanza nina watoto mia na zaidi, wanakaa chini, ukuta mmoja umelala. Hao mseto wao ukoje?"

"Hilo lipeleke kwenye mengineyo."

"Mengineyo ndiyo nyumbani kwake. Linakaa huko tangu niajiriwe."

Walicheka wote, hata Mkuu. Kwa muda mfupi kikao kikawa kama kikao.

Ikafika zamu ya walioko mtandaoni. Walikuwa wawili. Wa kwanza, Mwalimu Rabson, kila aliyekaa pale mwambani, ukimtoa Enock, alijua kwamba yuko Ikoma, kwenye nyumba ya wageni karibu na geti la hifadhi, anawabebea watalii mabegi kama afanyavyo kila likizo. Jina lake lilitokea kwenye kioo, kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikapotea. Gasto alinyoosha fagio mpaka akasimama kwa ncha za vidole. Rabson hakurudi.

Wa pili aliingia bila shida yoyote. Uso wa Kokushubira ulijaa kioo kizima, angavu, kana kwamba amekaa dirishani. Amekonda. Kitenge alichojitanda kimepauka begani kwa maziwa.

"Koku!" Walimu walishangilia. "Pole mama! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tupo. Jana amewekewa hewa."

Gasto alijisikia fundi. Asubuhi nzima ya kuzungushwa na majirani, na sasa picha hii! Na hapo ndipo alipomalizia ujinga wake. Aliwaza kwamba mwezeshaji akiona kwa macho yake, moyo utamlainika, na ile barua iliyolala mezani labda itaamka.

"Geuza kamera, Koku. Waone ulipo."

Kokushubira aligeuza. Wakaona kitanda cha chuma kilichochunika rangi. Wakaona mtoto aliyelala na mirija puani, kifua kikipanda na kushuka haraka kama cha kifaranga, mkono mmoja umefungwa kwenye kipande cha boksi ili asichomoe sindano. Pembeni wanawake wengine wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja na wake. Mkuu Nchagwa akainamisha kichwa. Gati alisema neno kwa Kikurya, taratibu, halikuhitaji tafsiri.

"Pole sana Mwalimu," Enock alisema, na ilitoka moyoni. "Hapo ni wapi?"

"Mwanza, hospitali."

"Ruhusa ya kutoka kituoni ulipewa?"

"Niliandika barua. Haijajibiwa."

"Kwa hiyo uko nje ya kituo cha kazi bila ruhusa."

Alisema kwa upole, huku kalamu inatembea. Gasto aliitazama ile kalamu, akashusha fagio kidogo. Picha ikaganda: Kokushubira mdomo wazi nusu, jicho moja limefumba.

"Ndugu mwezeshaji," Gasto alisema, "waraka unaruhusu kuhudhuria kwa mtandao."

"Unaruhusu. Kwa mtumishi aliye ndani ya kituo chake cha kazi."

"Akiwa ndani ya kituo, mtandao wa nini? Si atapanda akae hapa na sisi?"

"Ndivyo ulivyoandikwa, Mwalimu."

"Lakini kituoni kwetu mtandao haupo!"

"Mbona tumeona?" Enock alionyesha fagio.

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajikatiza.

"Sikiliza, kaka," Enock aliendelea, akipunguza sauti. "Asingeonekana, ningeandika 'tatizo la mtandao'. Sehemu yake ipo. Tazama, huyu Rabson: tatizo la mtandao, amehudhuria. Imekwisha. Sasa huyu mama nimemwona, na hospitali nimeiona, na mtoto nimemwona. Na kikao kinarekodiwa."

Kinarekodiwa. Gasto alikumbuka nani aliyebonyeza. Waraka ulitaka rekodi ipelekwe wilayani, naye mratibu wa TEHAMA alibonyeza mapema, asije akasahau.

Jina la Rabson lilimpanda mpaka kooni. Gati alimkanyaga mguu kwa nguvu zote za kisigino chake.

"Ukimtaja huyo, Koku atapona?" alimnong'oneza. "Utakuwa na wawili shimoni. Nyamaza."

Akalimeza lile jina.

Mkuu Nchagwa alijaribu. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na kwa kawaida hakubishana hata na mhudumu wa stendi. "Kijana wangu," alisema, "mtoto umemwona mwenyewe. Hatuwezi kuliacha hili hapa hapa juu, likabaki na mbuzi?"

Enock alikunja makaratasi, akayakunjua tena. "Mkuu, nami nina mtoto. Nikiliacha, rekodi ikisikilizwa, atakayekuja hapa Jumatatu ni mkubwa wangu, si mimi, na mimi nitakuwa nimeandikwa kabla ya huyu mama. Aje Jumatatu aripoti mwenyewe, asaini kitabu cha mahudhurio, aombe ruhusa upya akiwa kituoni. Asipokuja ni mtoro kazini. Mshahara unasimama. Mengine mnayajua."

"Na bima?" Gati aliuliza.

Enock alirudisha makaratasi mkobani. Bima ya mtoto ilitoka kwenye mshahara wa mama yake, na hewa aliyokuwa anavuta ilitoka kwenye bima.

Kikao kilifungwa kwa sala. Kwenye mengineyo hapakuwa na jambo. Walimu wakateremka na viti vyao kichwani, hakuna aliyetania, hata Gati. Enock alimpa Gasto mkono, akamshukuru kwa maandalizi mazuri. Alisema katika shule zote alizopita, hii ndiyo iliyotoa picha safi kuliko zote. Ilibidi Gasto aseme asante.

Alibaki peke yake na mbuzi. Akafungua mpira wa baiskeli, akaondoa simu kwenye fagio, akapiga.

"Kaka Gasto," Kokushubira alipokea. "Mlipotea. Wamesemaje?"

Akamweleza. Alianza kwa kuzunguka, akaona haisaidii, akasema moja kwa moja. Kituo cha kazi. Rekodi. Jumatatu. Upande wa pili alisikia mlio wa mashine, na mama mmoja akimbembeleza mtoto kwa Kisukuma.

"Wewe ulisema nisije," Kokushubira alisema.

"Nilisema."

"Nilikuwa nimeshaongea na huyu mama wa jirani. Wakati ule mtoto alikuwa anacheka, anakula hata uji kidogo. Ningekwenda nikarudi. Sasa hivi hata chooni nakwenda mbio."

"Najua, Koku. Mimi ni mjinga, hilo tumalizane. Lakini tuangalie mbele. Panda basi Jumapili, Jumatatu asubuhi unasaini, mchana unageuza. Nauli tutachanga huku, Gati ameshaanza. Manesi si wapo?"

"Anakataa chupa. Akilia kwa njaa anabadilika rangi, anakuwa wa bluu. Uliwahi kuona mtoto wa bluu?"

Gasto hakuwahi. Alitazama bonde, mahindi yaliyokauka shambani kwa watu, moshi wa jiko la mtu.

"Mshahara ukisimama bima inasimama," alisema. "Hapo kitandani watakutoa. Nifikirie mimi niliyeko huku nje, nahesabu: usipokuja unampoteza kwa upande huu, ukija..." Akaona anapoelekea, akarudi nyuma. "Tulipoagana nilimwambia yule mwezeshaji niingie ofisini nikusainie mimi, adhabu nibebe mimi. Amekataa. Anasema lazima uwe wewe mwenyewe, kwa mwili wako na mkono wako. Mtu hawezi kumfanyia mwenzake."

"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Sasa nimjibu nini, Koku? Anasubiri jibu kabla ya jioni."

Mashine ililia mara kadhaa, ikatulia. Kokushubira alikuwa anamnyanyua mtoto. Nguo zilisugua simu. Aliporudi sauti yake ilikuwa kavu, haina kilio wala ugomvi.

"Mwambie aje yeye huku anyonyeshe, mimi nije huko nisaini."